Mvi za Kununua: Mambo Nane Niliyojifunza Nyuma ya Kiti cha Saluni

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Tukuyu imefunikwa na ukungu tangu alfajiri, nilikuwa na wateja wawili mbele ya kioo kimoja. Kushoto alikaa mama yangu mzazi, mwenye miaka 58, kichwa kizima kimepakwa rangi nyeusi na kuvikwa kofia ya nailoni ili dawa ishike. Kulia alikaa binti wa miaka 23, mwanachuo, ambaye alikuwa amekuja na picha kwenye simu. Alitaka nywele za kijivu, "zile kama za bibi, ila za kisasa." Mimi nilisimama katikati nikikoroga blichi. Mama akamtazama yule binti kupitia kioo, akalitazama bakuli langu, akasema: "Mwanangu, si ungesema tu tubadilishane bure? Hela zote hizi tunampa huyu za nini?"

Saluni nzima ilicheka. Mimi kicheko changu kilikatikia njiani, maana miaka mitatu nyuma kichwa cha kijivu kilikuwa changu. Nilikivaa kwa miezi saba, nikiwa na umri wa miaka 31, hapa hapa Tukuyu, si Dar es Salaam ambako mtu anaweza kupita na nywele za kijani asigeukiwe na yeyote. Kazi ya ususi nimeifanya miaka 11. Nimesuka, nimeweka dawa, nimepaka kila rangi inayouzwa dukani. Lakini mambo nitakayoyataja hapa sikufundishwa na mtu. Niliyapata kwa kubeba kichwa kile barabarani.

1. Kijivu hakipakwi hadi weusi uondolewe

Wengi hudhani rangi ya kijivu inapakwa juu ya nywele nyeusi kama chokaa ukutani. Haiwezekani. Nywele zetu zimejaa weusi hadi ndani, na kijivu kikipakwa juu yake hakionekani. Lazima weusi utolewe kwanza kwa blichi, ule unga mkali unaokorogwa na peroksaidi. Chupa za peroksaidi huandikwa namba: 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12. Namba ikipanda kazi inakwenda mbio, na madhara yanaifuata.

Nywele nyeusi hazirukii weupe kwa hatua moja. Hupita kwanza kwenye wekundu wa bati lililoota kutu, zikafika rangi ya chungwa, kisha manjano ya ndizi mbivu, mwisho manjano hafifu kama ndani ya ganda la ndizi. Hapo kwenye ganda ndipo wasusi wa dunia nzima huambiwa wasimame na kuosha, na mimi niliyekulia migombani sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Ndipo inapakwa tona yenye zambarau, kwa sababu zambarau huua manjano. Kinachobaki ndicho kile kijivu cha fedha cha kwenye picha.

Najua hatua zote hizo kwa ufasaha, na bado mara ya kwanza nilijiharibu mwenyewe. Nilikuwa na nywele za dawa, zilizowekwa wiki sita nyuma, na nilikuwa na haraka. Nikachukua namba 40. Dakika ya 25 ukosi ukawaka kama umepakwa pilipili. Nilipoamka asubuhi nywele zilikuwa zimebaki kwenye mto, zimekatika palepale dawa ilipokutana na nywele changa. Dawa ya kunyoosha hulegeza viungo vya ndani vya unywele, na blichi inakuja kuvila vilivyobaki. Kamba iliyolika pande zote mbili haifungi ng'ombe. Nilinyoa zilizokufa, nikasubiri miezi minne zichipue nywele zangu za asili, nikarudia kwa namba 20, kwa awamu mbili zilizopishana wiki mbili. Hapo ndipo nikakipata kijivu changu.

2. Salamu hubadilika kabla ya uso kuonekana

Siku ya kwanza nilikwenda sokoni bila kilemba. Kijana anayeniuzia ndizi miaka yote hunisalimia "ugonile". Siku hiyo alikuwa ameinama akipanga mikungu. Akainua macho, yakaishia kwenye nywele, akasema kwa adabu: "Mugonile, mama." Kwa asiyejua Kinyakyusa: "ugonile" ni ya mtu mmoja, rika lako au mdogo wako. "Mugonile" ni ya watu wengi, au ya mtu mmoja ambaye heshima yake ni ya watu wengi. Kwa herufi moja nilikuwa nimeongezwa umri na idadi. Aliponitambua alijipiga paja kwa kicheko, "ugonile" yangu ikarudi, na lile punguzo alilokuwa ameanza kunitajia likarudi mfukoni mwake.

Kwenye kituo cha afya mhudumu alininyooshea kidole cha kunielekeza dirisha la wazee, akaniangalia vizuri, akakishusha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60. Mimi nilikuwa nimefika nusu yake na mwaka mmoja wa ziada.

Hayo yalichekesha. La kwenye costa halikuchekesha. Nilikuwa natoka Mbeya, gari limejaa, na pale Uyole konda akapaza sauti: "Mpisheni bibi akae!" Mwanafunzi mmoja akasimama. Nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa inanyesha, nikakaa. Tulipokaribia Isyonje niligeuka nyuma nikamwona mwanamke aliyesimama ameshika bomba kwa mikono miwili. Mgongo umepinda, kilemba kimefungwa hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyempisha, kwa sababu hakuna aliyeziona nywele zake. Za kwake za kweli zilikuwa zimefichwa chini ya kitenge, na zangu za dukani zilikuwa zimekalia kiti chake. Nilisimama nikamwita. Alikaa akasema "ndaga", yaani asante, akanitazama kichwani, akageukia dirishani.

3. Kwetu umri ulikuwa mahali pa kuishi

Jambo hili la mvi lisingenisumbua hivyo kama ningezaliwa kwingine. Zamani kwa Wanyakyusa mtu hakuhesabu umri tu, aliishi ndani yake. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti waliokaa Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta utaratibu uliowashangaza wasomi wengi: wavulana wa rika moja, wakiwa bado wachunga ng'ombe, walitoka kwenye nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni. Kula walikula kwa mama zao, lakini kulala ni kwao. Kijiji kile kilikua nao hadi wakaoa na kuzaa. Kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951, Good Company, kinahusu vijiji hivyo vya marika.

Kizazi kilipokomaa kikafanyika ubusoka. Baba waliwakabidhi wana wao utawala na ardhi, moto wa zamani ukazimwa nyumba zote na mpya ukawashwa, wazee wakasogea pembeni. Yaani mtu kuwa mzee kulikuwa na siku yake, shughuli yake na mashahidi wake.

Babu yangu hakuwahi kukaa kwenye kijiji cha rika, lakini alilelewa na waliokaa. Nilipomtembelea na kichwa changu alikuwa amepita miaka 80. Nilijiandaa kufokewa. Hakufoka. Alinitazama muda mrefu, akauliza: "Umehamia kwetu?"

Nikamwambia, "Hapana babu, ni mtindo tu."

"Basi," akasema, "ukiona kijiji chetu kina baridi, rudi kwenu."

Nimesoma na kusikia maoni mengi juu ya vijana kupaka mvi, ya kuponda na ya kusifu. Sijapata linaloshinda hilo. Hakunifukuza. Alinikumbusha tu kwamba nimeingia kijiji cha watu nikiwa na nauli ya kurudi.

4. Mvi za kweli zina mpangilio wake

Kwa wakwe zangu, huko Mwakaleli, nilikwenda na kilemba. Lakini jikoni moshi ulizidi, kilemba kikalegea, na mama mkwe akaona. Aliniweka kwenye kigoda, akaanza kuzipasua nywele kwa vidole kama anayetafuta chawa. Nywele za mbele, za utosini, za kisogoni, zote rangi moja.

"Hizi si zako," akasema. "Zako zingeanzia hapa." Akanigusa panja la kulia, kisha la kushoto. "Zingekaa hapa miaka mitano, ndipo zipande. Hizi zimekuja zote siku moja kama wageni wa harusi. Ni za kununua."

Hakusoma saluni popote, lakini alisema kweli tupu. Mvi haina rangi. Mzizi wa unywele ukiacha kutoa weusi, unywele unaotoka ni mweupe. Kijivu tunachokiona kwa mzee ni nyeusi na nyeupe zilizochanganyika, jicho likazijumlisha. Ndiyo maana kichwa cha mzee kina kina, hakifanani kushoto na kulia, na cha saluni kiko sawasawa kama sufuria. Wataalamu wa ngozi husema Mwafrika kwa kawaida huanza kuota mvi katikati ya miaka ya arobaini, miaka kama kumi baada ya Mzungu. Mimi nilikuwa nimewahi sana.

Kisha mama mkwe akashusha sauti: "Na baba yako asizione." Kwa wazee wetu mke wa mtoto hakukutana na baba mkwe njiani, hakumtazama, hakutamka jina lake wala neno linalofanana nalo. Siku hizi tumelegeza, tunasalimiana kwa mbali, ila bado nikimwona anakuja naacha njia. Baba mkwe wangu ana mvi chache kwenye ndevu. Mama mkwe hakuwa anaongelea dini wala maadili. Alikuwa anaongelea hesabu: mkamwana hawezi kumzidi baba mkwe mvi. Nilifunga kilemba upya, nikarudi kumenya ndizi za mbalaga.

5. Mtindo huu ni mkongwe, na serikali huuona mapema

Yule binti wa Jumamosi aliamini kijivu kimezaliwa kwenye simu yake. Ni kweli kwamba mwaka 2015 wasichana wa Ulaya na Marekani walijaza Instagram vichwa vya kijivu, na Rihanna naye alikuwa amewahi kutokea na nywele za fedha. Lakini zaidi ya miaka 200 kabla yao matajiri wa Ulaya, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakinyunyizia nywele na mawigi yao unga mweupe ili waonekane watu wazito. Unga huo ulitokana na wanga, chakula kile kile ambacho maskini walikuwa wanakikosa. Mwaka 1795 serikali ya William Pitt nchini Uingereza, ikihitaji fedha za vita, iliweka kodi ya sarafu moja ya guinea kwa mwaka kwa kila anayetaka kupaka unga nywele. Wengi waliacha, na mtindo ukafifia.

Huku kwetu hatukupaka unga, ila kodi tumeionja. Bajeti ya mwezi Juni 2019, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Philip Mpango, ilileta ushuru wa asilimia 25 kwa mawigi na nywele bandia zinazotoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Mwezi Septemba mwaka mmoja kabla, Spika Job Ndugai alikuwa amewazuia wabunge kuingia bungeni na kucha na kope za bandia. Kwa hiyo mtu akiniambia "nywele ni mambo madogo", mimi humwambia awaulize walioketi Dodoma. Urembo wa mwanamke una bei, na kwenye bei hiyo wapo wanaokata chao kabla msusi hajashika kitana.

6. Mvi hupendeza kwa anayeweza kuzivua

Jirani yangu ni kinyozi. Wanaume wenye ndevu za mvi humwambia "hizo ziache, nyoa pembeni tu." Mvi za mwanamume humpa kiti mbele kwenye kikao cha ukoo, na akisema jambo watu husema penye wazee haliharibiki neno. Kwangu mimi wanawake wa umri ule ule huingia na kilemba, wanaangalia kama kuna mtu wanayemjua, ndipo wanaomba nyeusi. Mmoja anauza vitenge: akionekana na mvi wateja humwambia amechoka, aende kwa wajukuu. Mwingine mumewe ni mkubwa wake kwa miaka 12, ana kichwa cheupe kama pamba, na bado ndiye anayemuuliza mkewe mbona anazeeka.

Wa tatu ni mjane. Huyu aliongea kwa sauti ya chini sana. Mumewe alipofariki, mashemeji walianza kuhesabu vifo vya ukoo na kumwangalia yeye. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ambayo yaliletwa na moshi wa jikoni. Huku kwetu pia, msiba ukitokea, kuna watu ambao mawazo yao hukimbilia nyumba ya mwanamke mzee anayeishi peke yake. Mjane yule anapaka nyeusi ili awe salama. Urembo kwake ni nyongeza.

Watu husema "mvi za mawazo", na si mzaha. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya kwamba msongo mkali huzimaliza zile seli zinazotunza rangi kwenye mzizi wa unywele, na zikishaisha hazirudi. Fikiria basi: mwanamke anapata mawazo, mawazo yanampa mvi, mvi zinampa mawazo mengine, halafu anakuja kulipa ili zisionekane. Pembeni yake amekaa binti anayelipa zaidi ili azipate.

Ndipo nikaelewa kwa nini kijivu changu kilinipendeza. Kilinipendeza kwa sababu uso wangu ulikuwa wa miaka 31 na kila mtu alijua ninaweza kukiondoa. Nywele zilikuwa zinasema "mzee", uso unasema "natania". Mama yangu hana uso wa kutania nao.

7. Kila dini ina neno lake juu ya kichwa

Wamoravian na Walutheri wako Unyakyusa tangu mwaka 1891, kwa hiyo hakuna asiyejua kwamba kitabu cha Mithali kinaziita mvi taji. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza mlangoni, huku akitabasamu: "Dada, taji umelipata kwa mbio zipi?" Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri.

Wateja wangu Waislamu wamenifundisha upande mwingine. Wao wana mapokeo kwamba siku Makka ilipofunguliwa aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar, kichwa na ndevu zimekuwa nyeupe pe, na Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe ila usifanywe mweusi. Ndiyo maana bibi wa Kiislamu wa hapa Tukuyu, mwenye asili ya Tanga, hunijia na hina yake mwenyewe. Nywele zake ni za rangi ya machungwa, na hajifichi wala hadanganyi mtu. Huyo ndiye mwenye amani kuliko wateja wangu wote.

Wengine hupaka piko, kwa kuwa ni nyeusi na rahisi. Hapo nasema kama msusi: rangi nyeusi za aina hiyo mara nyingi zina kemikali iitwayo PPD, ambayo mwili wa baadhi ya watu huikataa. Nimeona mteja amevimba hadi macho yamejifunga. Rangi yoyote, iwe ya kuficha mvi au ya kuzileta, ipake kidogo nyuma ya sikio na ungoje saa 48. Ukiwashwa, achana nayo. Ukivimba, nenda hospitali, usije saluni.

8. Kuzivua ni kazi kuliko kuzivaa

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Mwezi wa pili nilikuwa na mstari mweusi kwenye mizizi, na tona ilikuwa imeanza kutoka. Kila nikiosha, na kila mvua ya Tukuyu ikinikuta bila mwavuli, fedha iligeuka manjano ya mahindi. Shampuu ya zambarau ilisaidia wiki moja moja. Mwezi wa saba nilikuwa na kichwa cha mistari: nyeusi chini, njano juu, kijivu kwa kukisia. Kupaka nyeusi juu ya nywele zilizopigwa blichi nako hakukunifaa, maana zilikuwa zinainywa rangi na kuitapika wiki ileile. Nikanyoa kipara.

Asubuhi yake jirani alibisha hodi na sukari nusu kilo, uso umeinama. "Pole sana mama. Mmefiwa na nani?" Kwetu mwanamke hanyoi kipara hivi hivi. Nilimweleza, akakaa chini akacheka hadi machozi, tukachemsha chai kwa ile sukari ya msiba. Kwa miezi saba nilikuwa bibi, na kwa siku moja nikawa mfiwa. Nywele zetu zina maneno mengi, na usiposema wewe unachokusudia, zitakusemea.

Nilichogundua baadaye kinaniuma kidogo kama mfanyabiashara: kijivu hakihitaji blichi hata chembe. Rasta za kijivu zipo, wigi za kijivu zipo. Unasuka Ijumaa, unakuwa bibi wa kisasa mwezi mzima, unafumua, na nywele zako ziko chini salama, nyeusi kama zilivyokuwa. Ukienda ukweni unafumua siku moja kabla.

Ninachowaambia wateja sasa

Sijaacha kupaka kijivu. Siwezi kumkataza mtu kichwa chake wakati kila baada ya wiki tano namfichia mama yangu cha kwake. Kama mama ana haki ya kupunguza miaka, binti ana haki ya kuongeza. Ila kabla sijafungua kopo nauliza maswali matatu. Nywele zako zina dawa? Umejaribu nyuma ya sikio? Na nyumbani kwako nani ataziona kwanza? Swali la tatu ndilo linalowafanya wengi wanyamaze.

Binti wa Jumamosi ile alinyamaza pia. Nywele zake zilikuwa na dawa, na aliificha hadi nilipozishika. Blichi niliyokuwa nimekoroga niliimwaga, hasara yangu. Nilimsuka rasta za kijivu, akatoka akipiga picha mlangoni, na zilimpendeza kweli, sidanganyi. Mama alisuuzwa, akakaushwa, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akafunga kilemba juu ya weusi wake mpya kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Nawe unayetaka kichwa cha fedha, kivae. Ila siku konda akipaza sauti kwamba mpisheni bibi akae, geuka kwanza utazame nyuma. Yupo aliyezificha za kwake chini ya kitenge. Mwite akae.